Ukuta wa Chumba cha Mama

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Hapa Scarborough, huku ughaibuni, jua likitoka katikati ya baridi watu hufurahi, hufungua makoti na kusalimiana vituoni hata wasiojuana. Mimi nikisikia tone la kwanza la barafu inayoyeyuka linadondoka kwenye dirisha la jikoni, naacha kila kitu nikamtafute mama. Nimekuwa hivyo tangu mwaka ule tulipomjengea mama chumba.

Mama alikuwa amekuja kutoka Muheza kukaa nasi, na magoti yake yalishagoma. Kila akipanda ngazi namsikia "yarabi, yarabi" mpaka juu. Basi mimi na mume wangu tukaamua kumwongezea chumba cha chini, nyuma ya nyumba. Fundi tuliyempata alikuwa Mkenya mwenye maneno mengi, ambaye kila wiki alikuwa na sababu mpya ya kuchelewa. Alipokuja kupandisha ukuta wa matofali ya simenti, yale makubwa yenye matundu katikati, baridi ilishaingia. Akaufunika mzima kwa mablanketi mazito ya kazi ili baridi isiugandishe, akafunga kamba, akasema tusiuguse mpaka arudi kuweka paa.

Mama aliutazama ukuta ule kutoka dirishani kwa jicho la mtu anayejua kazi. Na kazi alikuwa anaijua. Baba alipofariki alituachia msingi tu, na mama ndiye aliyeinua nyumba yetu ya Muheza, kozi moja moja, mstari wa matofali juu ya mstari, kwa pesa za maandazi. Asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya madrasa tulikuwa tunabeba ndoo za maji, tunaumwagilia ukuta, kisha tunaufunika kwa magunia yaliyolowa. Ole wako usahau! "Ukuta ukikosa maji utapasuka," alikuwa akisema, fimbo mkononi. Nyumba ile mpaka leo haina ufa.

"Huyu fundi wenu kafunika vizuri," aliniambia siku moja, "lakini mbona maji hatii?"

"Huku hawamwagilii, mama."

"Aka! Simenti ni simenti."

Hakulitaja tena. Nikajua yameisha.

Wiki ile ikaja baridi ya kuuma mifupa. Jumamosi asubuhi nakanda unga jikoni, mama kabandika maji kwenye sufuria kubwa ya pilau, nikasikia huko nyuma: pa! Kama mtu kavunja sahani. Nikatoka, nikainua pembe ya blanketi. Barafu ilikuwa imejaa kwenye matundu ya matofali mpaka juu, imefura, imeyapasua. Nyufa zilipita kila mahali, na kozi za juu zilishabinuka kuelekea nyumba yetu. Lo! Mvua haikunyesha. Maji yametoka wapi?

Nikapanda juu haraka kutafuta simu, nikampigia fundi. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Sikiza dada," akasema. "Hiyo ukuta msiikaribie kabisa. Simenti iliganda kabla haijashika, saa hii ni barafu tu ndiyo imeibeba. Jua likiipata, inakuja chini. Nakuja na wenzangu tuiangushe."

Nikakata simu, nikatazama nje. Jua lilikuwa limetoka. Tone likadondoka dirishani. Kisha jingine.

"Mama!" nikaita. Nikashuka mbio. Kiti chake kitupu. Sufuria kubwa ya pilau haipo jikoni, na mlango wa nyuma uko wazi.

Nilimkuta amesimama katikati ya ukuta na nyumba, kanga juu ya koti, blanketi kalifunua, sufuria inafuka mvuke mikononi. Nikipiga kelele atashtuka, na pale chini kote ni barafu. Magoti yale hayawezi kukimbia.

"Mama," nikasema polepole, "njoo ndani."

"Ngoja nimalizie. Maskini, una kiu huu mpaka umepasuka. Sikukwambia?"

"Njoo, mama, nakuomba."

"Maji yana uvuguvugu, usiogope. Nayapasha moto kila siku mkishakwenda kazini, yasije yakaupiga baridi."

Ee Mungu wangu. Kila siku.

Kipande cha tofali kikadondoka karibu na kiatu chake. Yeye akainama kukiokota! Hapo sikungoja. Nilimrukia, nikamshika kiuno, nikamvuta kama gunia la mkaa, sufuria ikaruka, tukaanguka wote kizingitini, mama juu yangu. Kozi za juu zikaja chini palepale alipokuwa amesimama. Kishindo kilitikisa vyombo kabatini.

Nikalia kwa sauti. "Sufuria yangu, sufuria yangu," nilikuwa nasema, kwa sababu lile la mama sikuweza kulitamka.

Mama hakulia. Aliinuka kwa kushika mlango, akachukua simenti iliyomwagika pale, akaisugua vidoleni. Ilikuwa mchanga mtupu.

"Nimeuua mwenyewe," akasema, akaingia ndani.

Ukuta mwingine tuliujenga majira ya joto, chumba kikaisha, mama akahamia. Kila mgeni alikisifia. Lakini mama yule wa "simenti ni simenti" sikumwona tena. Yule aliyekuwa akinisukuma kwa kiwiko nimpishe jikoni kwangu mwenyewe, sasa anauliza. Aongeze chumvi? Afungue dirisha? Nikimwambia, "Mama, hapa ni kwako," anaitikia, "Haya, mwanangu," na kesho anauliza tena.

Asubuhi moja nilimkuta amesimama kwenye sinki na kikombe cha chai iliyopoa. Inaonekana alikuwa amenisubiri muda mrefu niamke.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii naweza kuimwaga hapa?"