Maua ya Barabara Mpya

Na ijulikane kwa wakubwa na wadogo, walio macho na waliolewa, kwamba Hongliu, kijiji cha juzi cha mchanga na mbuzi, sasa ni Jiji la Mvinyo lenye barabara ya njia sita. Na kwamba mjuzi wake mkuu wa mizabibu ni Mzee Tuo Guangcai, ambaye hajapata kukosea majira.

Hapo ndipo penye msiba. Chini ya milima ya Helan mizabibu huzikwa udongoni kabla ya baridi, ikafukuliwa miaprikoti, miti ya matunda ya kienyeji, ikichanua. Ukiwahi, barafu inakuunguzia machipukizi. Kila mwaka majirani walimngoja Tuo ashike koleo, ndipo nao washike. Na miaprikoti yenyewe? Ilikatwa kupisha barabara.

Mwaka huu Tuo alikwenda katikati ya jiji kununua mbegu za mahindi, akakuta miti ya barabara mpya yote imechanua, rangi ya waridi tupu. Alirudi na guta lake la umeme la magurudumu matatu akipiga honi kama bwana harusi.

"Fukueni! Yamechanua!"

Mkewe, Shuzhen, akakaza skafu. "Baba Lei, mbona masikio yananiuma kwa baridi?"

"Masikio yako na maua, nani anajua majira?"

Majirani wakafukua. Haikupita wiki, barafu ikashuka. Kulipokucha machipukizi yalikuwa meusi kama majani ya chai yaliyokwisha kazi. Mavuno ya mtaa mzima, kwaheri.

Mama Nie, jirani asiyekopesha maneno, akaenda kuyakagua maua hayo. Akarudi na tawi, akalibwaga mezani mbele ya Tuo. Lilikuwa la plastiki, limefungwa kwa waya.

"Nusa, shemeji! Manispaa imewapambia wageni wa maonyesho ya mvinyo."

Tangu hapo Tuo akawa anapitia nyuma ya zizi, kofia imeshuka hadi puani, asikutane na macho ya mtu. Lakini aibu ina miguu mirefu. Wageni wa maonyesho walifika, na ofisa mwenye kipaza sauti akamburuta mbele, majirani wakiona, akamvika utepe mwekundu. Shuzhen alitazama viatu vyake.

"Mzee," ofisa akanguruma, "waambie wageni wetu: bingwa kama wewe hutambuaje wakati wa kufukua?"

Tuo akauvua utepe, akaukunja vizuri, akamrudishia.

"Sitambui. Nimewaunguzia watu mizabibu yao."