Pilipili ya Mama Travis

Hadi leo nikiona pilipili mezani, naisogeza kando.

Naitwa Yvette, nasuka nywele saluni moja pale Umbilo, Durban. Kanisani kwetu, sisi Wakongo, tuna desturi: mgeni haulizwi kilichomleta mpaka ale ashibe.

Mwaka jana meli ya kijeshi ya Marekani ilitia nanga bandarini. Mwanajeshi mmoja mweusi, Travis, akafuata sauti ya kwaya mpaka ndani. Ibada ilipoisha, Mama Colette akamdaka mkono.

"Huyu iko wangu. Twende ukule."

Mama Colette hakujaliwa mtoto. Na yule jamaa alipiga ugali wa fufu na sombe, kisamvu chetu, utadhani kazaliwa Bukavu! Siku zote meli ilipokuwa hapa, alishinda kwake. Akiaga akasema, "Mama, Pasaka narudi." Mimi ndiye niliyetafsiri.

Pasaka ikafika. Mama Colette akapika tangu alfajiri.

Travis hakutokea. Akaja mama mtu mzima, ameshika simu yenye picha ya Travis.

"Naitwa Constance. Ni mama yake."

Weee! Vigelegele kanisa zima. Mama Colette akamfunga kitenge chake kipya, tukamsindikiza kwa kucheza mpaka mezani.

Akaanza, "Travis..."

"Yvette, umuambie akule kwanza!" Mama Colette akamkata. "Maneno iko mingi, tutasema kisha."

Akala. Mara machozi yakaanza kumtiririka.

"Eish, pilipili imemukamata!" akasema Peguy wa kwaya. Tukacheka wote. Nikampa maji huku nacheka.

Alimaliza sahani, akanawa mikono, akanigeukia.

"Travis alifariki mwezi wa pili. Ajali, melini."

Nikamgeukia Mama Colette ili nitafsiri. Lakini yeye alishauona uso wangu.

"Mutoto yangu iko wapi, Yvette? Iko wapi?"

Akaanguka. Constance akashuka naye sakafuni, wakashikana wakilia.

Baadaye nilimuuliza Constance, mbona hakutukatiza?

"Nyumbani kila mtu anajua amekufa," akasema. "Mezani kwenu alikuwa bado anakuja. Nilitaka nikae naye kidogo."

Hapo ndipo nilipolia mimi.

Desturi yetu bado ipo. Ila ndugu zangu, mgeni akitokwa na machozi mezani, msikimbilie kulaumu pilipili. Mshikeni mkono.