Mwenye Kompyuta Alirudi Kuuliza Tarehe

Usiniambie niliota. Ndoto humjia mtu aliyelala, na mimi nilikuwa macho, nimevaa sweta mbili, mchana kweupe, watu wa mtaa wetu wa Lyamkena wakitoka kula. Kwani wewe unadhani mizimu hutoka usiku tu? Nani aliwapangia ratiba? Haya, kaa usikilize, na kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize.

Nilikuwa nimeacha kazi ya uchapaji Njombe mjini, duka la mtu, nikaja Makambako kufungua stesheneri yangu mwenyewe. Kaka yangu Festo, ambaye tangu baba afariki anajiona ndiye baba, hakupenda. Alitaka nirudi nyumbani, upande wa Uwemba, nikalime viazi vyake na kumpikia mpaka apatikane wa kunioa. Tukavutana, mwisho tukakubaliana: shule zikifunguliwa duka langu liwe linafanya kazi, la sivyo anakuja na pikapu kunibeba mimi na godoro langu. Nilikubali kwa hasira.

Shida ilikuwa kompyuta. Niliyoimudu ni moja kuukuu, niliinunua kwenye stoo ya shule moja huko huko nyumbani. Fundi wa stendi aliitazama akanishauri niitumie kuzuia mlango usipigwe na upepo. Alisema Windows ya siku hizi itaiua. Nikamwambia basi nitapiga Linux, ile nyepesi inayogawiwa bure, na nitaipiga mwenyewe. Akacheka. Watu wanapenda sana kunicheka, sijui kwa nini.

Mara ya kwanza iliwaka ikaniletea skrini nyeusi tu. Nikasoma kwenye simu, nikajua tatizo ni kadi ya picha ya zamani, nikaongeza neno moja kwenye mstari wa amri za kuwashia, ikafunguka. Nilijipigia kigelegele. Kisha ikafika mahali pa kuvuta mafaili mtandaoni, kwa intaneti ya simu yangu, ikayakataa yote. Ilidai ni mafaili ya siku ambayo haijafika. Nikatazama saa yake pale kwenye kona: Ijumaa, mwezi wa tatu, miaka mingi nyuma.

Mpaka hapo hakuna ajabu. Ndani ya kompyuta kuna betri bapa kama kitufe cha koti, inayotunza saa umeme ukizimwa. Ikifa, saa inapotea. Nikanunua betri mpya, nikaweka, nikarekebisha tarehe. Ikarudi Ijumaa ile ile. Nikabadilisha betri tena. Ijumaa! Nilitukana kwa Kibena, maana Kiswahili hakikutosha.

Ndipo mtu akaingia.

"Kamwene, dada."

"Kamwene," nikaitikia bila kugeuka.

"Leo tarehe ngapi?"

Kwa uchovu nikamsomea ile iliyokuwa kwenye skrini.

"Ahaa. Basi sijachelewa," akasema, nikasikia benchi la wateja likilia. Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu. Bi Zuhura, jirani yangu anayeuza vitenge, kiti chake kiko karibu kabisa na mlango wangu. Akaniambia hajaona mtu akitoka. Wala akiingia.

Nikasema ni uchovu. Wewe ungesemaje?

Kesho yake shule zilifunguliwa, na Festo alikuwa njiani na pikapu. Upepo wa Makambako ulikuwa umekasirika, vumbi limewageuza watu wote wekundu mpaka kope. Nikawasha mashine. Ijumaa. Nikaandika tarehe ya kweli, na mimi ni mtu wa shoto, nikapeleka mkono wa kushoto kwenye kitufe cha kukubali. Mkono mwingine ukaushika.

Niamini, ile haikuwa baridi ya Njombe. Ya Njombe naijua, nimezaliwa nayo. Nikageuka. Mwanamume wa makamo, koti la suti, kalamu mfukoni, viatu vyeusi vinang'aa. Vumbi lote lile nje, na viatu vyake vinang'aa!

"Iache hapo hapo, dada," akasema kwa upole. "Nina hesabu za kufunga leo. Ukiiacha itakufanyia kazi, haitakusumbua tena."

Hapo nikagundua kumenyamaza. Upepo haupo. Redio ya Bi Zuhura haipo, wala malori ya barabara kuu. Mlangoni vumbi limesimama hewani, halishuki. Niliogopa, siwezi kukudanganya. Nikaelewa ninachopewa: duka ningelipata, kompyuta nzima ningekuwa nayo, na Festo asingefika kamwe. Na mimi nisingefika popote.

Woga ukageuka hasira. Kila mwanamume anataka kuniambia nikae wapi! Mmoja shambani kwake, mwingine kwenye Ijumaa yake!

Sasa, kazi niliyoifanya miaka yote Njombe ni kuchapa wasifu wa marehemu. Kwetu mtu hazikwi kimya. Lazima historia yake isomwe mbele ya watu, tangu kuzaliwa mpaka saa ya mwisho, na wafiwa huja dukani macho mekundu, hawajui waanzie wapi. Mimi huwauliza kwa mpangilio, kwa sauti kavu, maana ukilia nao kazi haiishi. Nikamgeuzia sauti hiyo hiyo.

"Jina kamili?"

Alishtuka, lakini akajibu. Mtu wa ofisi amezoea kuulizwa. Jina lake silitaji, ana watoto.

"Kuzaliwa?" Akajibu, mkoa wa mbali. "Shule?" Akajibu kwa maringo, alikuwa wa kwanza kwao kufika sekondari. "Ndoa na watoto?" Hapo akatabasamu, akawataja wote, na wa mwisho, akasema, ndiyo kwanza anaanza kutembea. "Kazi?" Mhasibu wa shule. "Kuugua?" Akagusa kifua.

"Kidogo tu. Tangu asubuhi kinabana."

Roho iliniuma. Lakini mkono wangu alikuwa bado ameushika.

"Alifariki lini?"

Akatazama skrini, akanitazama mimi. "Dada, leo tarehe ngapi?"

Nikamwambia. Siku, mwezi na mwaka, wa kweli. "Na yule anayeanza kutembea, baba, sasa ni mtu mzima."

Alikuwa kama abiria aliyeamka akakuta kituo chake kimepita. "Hakuna aliyeniambia," akasema.

"Nimekuambia mimi. Nenda nyumbani."

Akaniachia. Nikabonyeza. Upepo ukaingia dukani na vumbi lake lote, nikakohoa, redio ikaimba, na ndani nilikuwa peke yangu.

Tarehe ilishika. Mafaili yakashuka, taratibu kama kobe, lakini yakashuka yote. Festo alipofunga breki nje, nilikuwa nachapa tangazo la vitenge vya Bi Zuhura.

"Mizigo iko wapi?" akauliza.

"Mizigo ipi, kaka? Kama unataka kuchapa kitu, panga foleni."

Alisimama pale akalisoma tangazo lote, kisha akaondoka na pikapu tupu.

Baadaye nilimpigia mtunza stoo wa shule iliyoniuzia kompyuta. Akaniambia ndiyo, mhasibu wao wa zamani alifia mezani, Ijumaa, kompyuta ikiwa inawaka, na mwili ulisafirishwa kwao siku ile ile. Hakuniuliza nimejuaje, nami sikumweleza.

Mkono huu wa kushoto mpaka leo haupati joto. Huu hapa, ushike. Umeona? Niukalishe juu ya jiko la mkaa, niufunge kwa sufu, ni bure. Wananiambia niichome kompyuta, niiuze, niipeleke ikaombewe. Siichomi. Nachapa kwa mkono huo huo, na hakuna wa kunifikia kwa kasi hapa Lyamkena.

Na wewe unayetafuta kompyuta ya bei ya chini, sikukatazi. Futa diski, weka betri mpya. Lakini mwenyewe akija, usimwonee haya. Muulize yote mpaka lile swali la mwisho, na jibu likimshinda mpe wewe. Ukimhurumia ukamwachia tarehe yake, mtabaki humo wawili, nanyi mtaona ni mchana mzuri tu wa Ijumaa.