Barua ya Mtu Asiye Ndugu

Mjukuu wangu alisomea Kijerumani chuoni hapa Kampala, na mwaka wa pili akaanza wimbo mmoja: lazima aende akakae kwa wenyewe, la sivyo lugha haitamwingia. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na Kiswahili nilikipata kambini kwa mume wangu askari, pwani kwa wenyewe sikufika. Nilipomwambia hivyo akasema, "Jaja, si sawa."

Haya. Kwanza ilikuwa kozi ya mwezi mmoja huko Ujerumani wakati wa likizo, tiketi wanalipa wao. Walichukua mwanafunzi mmoja tu darasani, na hakuwa yeye. Wiki nzima akawa anadokoadokoa chakula. Kisha ikaja ya kujitolea mwaka mzima kwenye nyumba ya wazee.

"Utafanya nini huko?"

"Kuwalisha, kuwaogesha, kuongea nao."

"Na mimi hapa Kisugu ni kijana?"

Akacheka, akajaza fomu. Wakamjibu nafasi zimejaa. Ya tatu ndiyo iliyonipandisha presha: kukaa na familia mwaka mmoja, unawatunzia watoto, wanakupa chumba na chakula, jioni unakwenda darasani. Familia ikapatikana, yenye watoto wawili. Ilibaki barua moja, nayo ifike kabla ya likizo kuisha: mtu asiye ndugu yake aandike kwamba huyu msichana amewahi kumtunzia mtoto.

Tangu tulipotoka kambini baada ya vita, kazi yangu ni kukaa na watoto wa majirani wanaouza sokoni Nakawa. Majina ya wote waliopita uani kwangu ninayo kichwani. Siyaandiki hapa, maana wengine leo ni watu wakubwa na hawatapenda ijulikane nani alikojolea mkeka wangu.

Basi mjukuu akaniletea karatasi ameshaiandika, nitie sahihi tu. Nikamwambia anisomee.

"Mimi ni jirani yake..."

"Jirani wa nani?"

"Jaja, majina yetu hayafanani. Mimi nina la ukoo wa baba, wewe la kwenu kaskazini. Hawatajua."

"Mimi nitajua! Nilikubeba mgongoni, leo niandikwe jirani?"

"Ni karatasi tu."

"Basi ipeleke kwa jirani wa kweli."

Jirani wa kweli alikuwa Mkenya anayeuza mitumba, mama wa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu. Jioni alipokuja kumchukua mwanawe, mjukuu wangu akampigia magoti, heshima ambayo mimi naiona Krismasi tu.

"Hayo magoti wapelekee Waganda wenzako," yule mama akasema. "Niambie, mtoto wangu akilia mchana, ananyamazishwa na nini?"

Mjukuu akaniangalia. Mimi nikaangalia sufuria.

"Shosho," yule mama akanigeukia mimi bibi, "huyu wako huwa wapi?"

"Chini ya kamba ya nguo, na vitu masikioni."

"Basi akae na mtoto hadi likizo ikaribie kwisha. Nitaandika nilichoona."

Banange, nilinuniwa! Alifua nguo za watoto kama anazipiga. Uji ukaungua, mtoto akala udongo. Wiki ya tatu akamwangusha ngazini, akakimbia naye kliniki, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Mtoto alivimba paji la uso tu. Aliyelia zaidi ni yeye. Tangu siku hiyo hakuvaa tena vile vitu masikioni.

Likizo ilipokaribia kwisha, Mkenya akaleta barua. Mjukuu akaisoma, uso ukabadilika.

"Anti, hapa umeandika nilimwangusha."

"Soma na inayofuata. Ulimkimbiza kliniki, ukaniambia kabla sijauliza."

"Tuitoe hiyo ya kuanguka, tafadhali."

"Alianguka ama hakuanguka?"

"Alianguka."

"Basi."

Na mimi, niliyekataa kuwa jirani, nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwombe aifute. Nikaufunga.

Barua ikaenda ilivyo. Ile familia ikapiga simu ya video, na mjukuu aliniambia baadaye kwamba swali la kwanza lilikuwa hilo hilo la kuanguka. Nilikuwa nyuma ya pazia. Alijibu kwa lugha yao, maneno mengi, mkono kwenye paji lake mwenyewe akiwaonyesha. Sikuelewa kitu. Alipotoka aliketi chini akasema, "Jaja, wamenitaka."

Nilifurahi, nisidanganye. Lakini angalieni mambo haya. Nimehangaika kumfundisha kulisha mtoto, kumwogesha, kumlaza bila kelele, na siku alipoanza kufaa, wakamchukua. Ameniachia watoto sita uani na mgongo wa kizee. Yule wa Mkenya alimlilia wiki nzima, na kila nilipomwinua alinisukuma.