Chepyegon Anagombea kwa Tochi

Gibson Chepyegon alitaka kiti kimoja tu katika dunia hii, na kiti chenyewe hakikuwa cha mbinguni. Alitaka kuwa mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani chai kule juu ya Kapkatet, kile kibanda cha mabati ambapo wakulima hupanga magunia jioni wakingoja lori la kiwanda. Alikuwa amegombea mara mbili, na mara zote mbili akashindwa na Mwalimu Johana, mstaafu mwenye koti la kijivu na maneno ya pole pole. Mara ya pili watu walipopanga mlolongo wa kura, nyuma ya Chepyegon walisimama wanne, na mmoja wao alikuwa amejikinga mvua tu.

Safari hii alikuwa na hoja. Taa ya sola ya kituo ilikufa tangu Pasaka. Lori lenyewe hufika giza limeshaingia, na Onchiri, karani wa majani, hukagua chai kwa mwanga wa simu aliyoibana kwapani.

"Nitawaletea mwanga," Chepyegon alitangaza kanisani wakati wa matangazo, kabla mzee wa kanisa hajamnyang'anya maikrofoni. "Si mwanga wa kubahatisha. Mwanga!"

Tochi alikuwa nayo, ya chuma, ndefu kama mchi. Shida ilikuwa betri. Chepyegon alikulia enzi za mawe ya tochi, yale ya kuanikwa juani yakichoka, na yakizidi uvivu yanaumwa jino kidogo ili yakumbuke kazi. Tochi hii haikutaka mawe. Ilitaka betri za lithiamu, kila moja kama kidole gumba cha mkulima. Akanunua mbili kwa mchuuzi sokoni Merigi, zimeandikwa ujazo wa chaji 9900 kwa rangi ya dhahabu. Ziliwaka dakika kumi na moja, kisha tochi ikawa jicho la paka mgonjwa.

Akazipeleka kwa Ogada, fundi wa simu pale Kapkatet, mtu wa ziwani aliyekuja miaka mingi iliyopita kufanya kazi kiwandani akaishia kupenda nyaya. Ogada alizitazama betri akacheka mpaka akaweka chuma chake cha moto chini.

"Mzee wangu, hii namba umesoma ukaamini?"

"Si imeandikwa?"

"Hata mimi nikiandika 'Daktari' kwa shati, utaniletea mgonjwa? Betri ya saizi hii ikifika elfu tatu na mia tano, hiyo ni dume. Elfu tisa ni hadithi ya kulaza watoto. Enda upime uzito. Ya ukweli inakaribia gramu arobaini na tano."

Mtu mwingine angeuliza apime wapi. Chepyegon hakuwa mtu mwingine. Alipanda mlima mpaka kituoni, akatia betri ndani ya gunia na kulitundika kwenye mzani wa majani chai. Akatoa betri, akatundika gunia tupu. Namba ikabaki ile ile. Akarudia mara tatu, kisha akawatangazia akina mama waliokuwa pale kwamba mzani wa kiwanda unawaibia wakulima, ushahidi huu hapa. Ilimchukua Onchiri nusu saa kumweleza kwamba mzani wa magunia hauoni kitu cha uzito wa panya.

Mwishowe ni Sally wa duka la agrovet aliyemwokoa, kwa mzani wake mdogo wa kupimia mbegu za sukuma wiki. Gramu ishirini na sita. Ogada akaifungua moja nje ya duka, kwa glavu, uso ameugeuza pembeni. Ndani mlikuwa na unga mweupe, na katikati ya unga kibetri kidogo kimelala kama mtoto mchanga katika blanketi la babu yake.

"Sasa sikiza," Ogada akasema, akitoa mbili za laptop iliyokufa, akazipima zote kwa mita. "Hizi zinalingana. Usiweke nzee na mpya pamoja. Ni kama kufunga ng'ombe na mbuzi kwa nira moja. Na hiyo chaja yako ya bei ya pipi, tupa. Haijui kushiba. Italisha betri mpaka nyumba iungue. Chukua hii, inajikata yenyewe."

"Na ile kitu inafanya tochi ipunguze mwanga ikipata joto, toa," Chepyegon akaagiza.

"Hiyo ndio akili ya tochi, mzee."

"Mimi nikipata joto napunguza?"

"Hupunguzi. Na ndio maana umeshindwa mara mbili."

Wakapatana katikati. Ogada akaacha akili ya tochi mahali pake, akabadilisha balbu, na kwa kubembelezwa sana akaondoa kiwango cha mwanga mdogo, tochi ikabaki kuwaka kwa nguvu zote tu. Mwanamume, alisema Chepyegon, hawaki kidogo.

Neno la nyumba kuungua lilimwingia. Akawa anachajia betri uani juu ya jiwe, ndani ya sufuria kubwa ya ugali, yeye mwenyewe ameketi kando kama anayengoja ng'ombe azae. Mkewe Janeffer alisonga ugali kwa sufuria ya chai siku nne. Chai yenyewe shambani ilizidi kukua, maana zamu ya Chepyegon ya kuchuma ilikuwa imeliwa na safari za betri. Siku ya uchaguzi ndipo alipoingia shambani saa tisa alasiri, akararua majani kwa kiganja kizima, akajaza gunia kwa muda ambao mkewe hujaza nusu.

Jioni kituo kilijaa. Lori halijafika, giza limeshuka. Chepyegon akapanda juu ya kreti, akakohoa, akabonyeza.

Weu! Bonde zima likaonekana. Jogoo wa ng'ambo akawika. Watu wakapiga makofi, na Onchiri akainama juu ya meza ya kukagulia kama mtu aliyepewa macho mapya.

"Mama, hii nini?" akamuuliza wa kwanza kwenye foleni, ameinua kijiti. "Kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi. Hili ni tawi. Rudisha, chambua."

Wa pili akarudishwa. Wa tatu, majani makavu ya chini, akarudishwa. Makofi yalikuwa yamekwisha.

"Chepyegon, punguza hiyo kitu!" mtu akanong'ona.

"Haipungui!" Chepyegon akajibu kwa fahari, kisha akasikia mwenyewe alichosema.

Wa nne alikuwa Janeffer. Onchiri akamwaga, akatenga mafungu mawili.

"Hizo laini ni zangu," Janeffer akasema, mikono kiunoni. "Hizo ngumu kama viatu ni za mgombea."

Kicheko kilitikisa mabati. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Mwalimu Johana. Alilitazama gunia lake, akaitazama tochi, akakohoa pole pole.

"Ndugu zangu, nimefikiria. Mwaka huu sigombei. Chepyegon awe mwenyekiti. Lakini mwenyekiti ni mtu mzito, hawezi kushika tochi kama askari wa usiku. Azime, tupange mlolongo nyuma yake sasa hivi."

"Azime!" watu wote wakaitikia, hata wale wanne wa zamani.

"Mzee, usizime," Onchiri akamsihi. "Leo ndio mara ya kwanza naona kazi yangu."

Chepyegon akaitazama tochi yake. Jasho likamtoka. Halafu akabonyeza.

Walihesabiwa gizani kwa kuguswa bega. Sitini na mmoja nyuma ya Chepyegon, na hakuna mpinzani. Mwalimu Johana alikuwa wa kwanza kwenye mlolongo.

"Hongera, mwenyekiti," Onchiri akasema, akibana simu yake kwapani tena. "Lakini fungu lako nimeshaliona. Siwezi kulisahau."

Kwa hiyo mwenyekiti mpya akachuchumaa kwenye turubai, akaanza kuchambua kwa kupapasa, gumu huku, laini kule. Magunia ya wapiga kura wake yakawa yanampita kwenda kwenye mzani, moja baada ya jingine, bila kusimamishwa.

"Kongoi, mwenyekiti," wakamshukuru wakipita.

"Kongoi sana, mwenyekiti."

"Sogeza mguu, Baba Joan," Janeffer akamwambia mumewe. "Gunia la Mwalimu linapita."