Kichwa cha Nasri

Asmahani alikuwa akichagua mchele wa hitima ya mdogo wake Nasri wakati simu ya Marekani ilipoingia. Tangu habari ya msiba ifike hakuwa amelia. Alijaribu, machozi hayakuja, akaona bora ashike ungo.

Aliyepiga ni Sabiri, mtu wa Pangani, jirani wa Nasri kule ugenini, ndiye aliyebeba shughuli za mazishi.

"Shikamoo, dada. Madaktari wanaomba ubongo wa marehemu kabla hatujamwosha. Wanachunguza vichwa vya wachezaji wa mpira ule. Wanataka kauli yako, na wanaitaka leo."

Mpira ule. Nasri alikuwa kitinda mimba wa mama muuza vitumbua wa Mabawa, na mbio zake zilijulikana mtaa mzima. Alipomaliza sekondari chuo kimoja cha Marekani kilimchukua akakimbie. Kule kocha akamtazama miguu, akamkabidhi mpira wenye umbo la papai, akamwambia aukumbatie na apenye katikati ya majitu yaliyojipanga kumwangusha. Ikawa ndiyo kazi yake, hata akaajiriwa na timu kubwa. Mjomba Mselem alipoiona picha kwenye simu alicheka mpaka akakohoa: "Loo! Mtu mzima kavuka bahari kwenda kukumbatia papai!" Mama hakucheka. Nasri akiangushwa, mama alisema, "Ya Latifu." Akiinuka, mama alishusha pumzi. Na Nasri aliinuka kila mara. Wazungu walimpendea hilo.

Alipoacha kucheza ndipo mambo yalipoanza. Alimsalimia Asmahani, wakazungumza, kisha akamsalimia upya kama ndiyo kwanza apige simu. Siku moja aliuliza mama yuko wapi, ilhali alikuja mwenyewe kumzika. Mjomba akasema hiyo ni husuda, wamemwonea kijicho mtoto. Akamsomea Yasini kwa simu, na Nasri akaiegemeza simu kwenye paji la uso mpaka kisomo kikaisha.

Baadaye alimwambia dada yake, "Mjomba asome, sikatai. Lakini nikifa, waache madaktari wakitazame kichwa hiki. Kuna vijana bado wanaingia uwanjani."

Asmahani hakumweleza mtu maneno hayo. Sasa mjomba alikuwa ameketi mkekani mbele yake, amesikia yote kwa spika ya simu.

"Mwambie hapana," alisema mjomba. "Maiti ya Muislamu haichezewi. Atazikwa kamili, kama alivyoumbwa."

"Aliusia, mjomba."

"Kamuusia nani?"

"Mimi."

"Na mashahidi?"

"Mimi na Mwenyezi Mungu."

"Asma! Mtu mwenyewe alikuwa hajui mama yake amekufa. Wosia gani wa mgonjwa wa kichwa?"

"Siku hiyo alijua. Aliniita kwa jina langu."

Asmahani alingoja moyo umwambie neno, uogope au uumie. Moyo ulikaa kimya kama jiwe. Ulibaki wosia tu, na wosia wa maiti ni amana.

"Waambie wachukue, Sabiri," alisema. "Kisha mwosheni upesi."

Mjomba aliondoka bila kuaga. Siku ya pili alikuja kuaga kwamba anakwenda msikitini. Imamu angemsalia marehemu sala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali, baada ya adhuhuri. Walikuwa bado mlangoni Sabiri alipopiga tena. Nasri alikuwa ameoshwa, amesaliwa, amezikwa.

"Alhamdulillahi," alisema Asmahani, akakata simu.

Mjomba alikuwa ameishika kofia yake mkononi. "Walimshona?"

"Wamemshona."

"Vizuri?"

"Sabiri alimwosha mwenyewe. Anasema ukimtazama hujui."

Mjomba aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akavaa na viatu. "Haya. Nitamsalia," alisema, akatoka. Asmahani akarudi jikoni. Maji yalikuwa yamechemka, akatia mchele.