Kikombe cha Peke Yangu

Leo nimenuka wiski, na sijaionja hata tone.

Mnajua napika kwa Mzungu. Leo kakaa mezani na chupa tatu za burboni, ile wiski ya mahindi ya Marekani. Anachanganya, anaonja, anatikisa kichwa, anaanza upya. Mwisho kaniita.

"Hebu nusa. Ipi nzuri?"

Kunusa tu. Sie Waafrika sheria ya Mwingereza haituruhusu kuinywa, na mie Mwislamu nisingeinywa hata ingeturuhusu.

Nikanusa glasi nne alizochanganya. Ya tatu ilinukia mahindi ya kuchoma, na nyuma yake mbao mbichi.

"Hii, Bwana."

Akaonja. Kisha akanikumbatia, glasi mkononi, wiski yote ikanimwagikia kwenye kanzu.

Miaka minne namtumikia, hajawahi hata kunipa mkono.

Nikarudi Temeke na furaha yangu, nikapitia benchi la kahawa niwasimulie wenzangu. Wakaitikia salamu, halafu wakasogea. Nikapata nafasi ya watu watatu.

Pale tunanywa kwa kikombe kimoja, kwa zamu. Nikanywa, nikampa Mzee Salum, jirani yangu. Akakitazama, hakukipokea.

Muuza kahawa akasema taratibu, "Kaa nacho tu, Saidi. Nitatoa kingine."

Hakuna aliyeniuliza kitu. Nami hadithi yangu ikanikauka mdomoni.

Kanzu nimeshaifua. Kikombe nimekiosha mara tatu, kiko hapa mezani.

Niambieni nyie. Kesho nikirudishe, au niende nacho ninywee peke yangu?